Nia Njema na Mkono Safi

Katika Kiswahili liko neno moja lenye makali mawili. Kuchanja ni kupasua: kuni huchanjwa kwa shoka, na ngozi huchanjwa kwa wembe. Zamani, watu wawili ambao hawakuzaliwa tumbo moja walipotaka kuwa ndugu, walichanjiana. Kila mmoja alitokwa na damu kidogo, na mwenzake akaila pamoja na kipande cha nyama au punje ya buni. Tangu saa hiyo damu ya huyu ilihesabiwa kuwa imo mwilini mwa yule, na kusalitiana kukawa haramu. Katika shina hilo hilo limechipuka neno chanjo, ambalo leo ni jina la kinga anayopewa mtoto mchanga asije akapatwa na maradhi. Neno moja, basi, limebeba mambo mawili ambayo elimu ya sasa imeyaona kuwa yanapingana, yaani kuchanganya damu na kujikinga na ugonjwa.

Mgongano huu si wa maneno matupu. Damu ni alama ya ukoo, ya agano na ya sadaka kwa mataifa mengi ya wanadamu. Lakini damu hiyo hiyo ndiyo njia ya homa ya ini ya aina ya B, ya homa ya ini ya aina ya C, ya virusi vya UKIMWI, na ya maradhi mengine ambayo hayana alama usoni mwa mtu. Kitu kinachowaunganisha watu ndicho kinachoweza kuwaangamiza. Kutokana na hali hiyo huzuka maswali mawili ambayo si ya matabibu peke yao, bali ni ya kila mwenye kutafakari juu ya wema na ubaya. Je, mtu mwema aliyemdhuru mwenzake kwa mkono usio safi ana hatia? Na je, mtu anayejihadhari na damu ya mwenzake amemvunjia heshima?

Wahenga walinena kuwa nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Methali hii ina ukweli mwingi. Mgonjwa hupata nafuu kwa uso mkunjufu wa mwuguzi hata kabla ya dawa kufanya kazi, na dawa kali hunyweka kwa urahisi inapotolewa kwa mkono wenye huruma. Walakini methali hiyo ikichukuliwa kuwa sheria kamili katika mambo ya damu, ushahidi huipinga. Sindano haijui nia ya mkono ulioishika. Hupeleka kilichomo ndani yake, kiwe dawa au kiwe sumu, wala haibagui kati ya mhisani na mwuaji. Tendo huweza kutoka katika moyo safi likafika katika mwili wa mtu likiwa chafu.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko Misri. Katika bonde la Nile, tangu enzi za Mafirauni, wakulima wameteswa na kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huo hukulia ndani ya konokono wa maji baridi, kisha humwingia mtu kwa kupenya ngozi anaposimama mferejini akimwagilia shamba, akifua au akioga. Aliyeingiwa hukojoa damu, hudhoofika, na wengine huharibika kibofu au ini. Serikali ya Misri haikutazama mateso hayo ikanyamaza. Tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980 watu wengi sana wa vijijini walitibiwa kwa chumvi ya antimoni iliyopigwa katika mshipa wa damu. Tiba hiyo haikuwa ya siku moja. Mgonjwa alihitaji kudungwa mara nyingi, juma baada ya juma. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo na yalikuwa machache, na watu waliosimama mstarini walikuwa wengi. Bomba lililotoka kwa mtu mmoja lilisafishwa upesi upesi, au lilichemshwa kwa muda usiotosha, kisha likaingia kwa mtu wa pili, na wa tatu, na wa kumi.

Nia ya kazi hiyo haikuwa na doa. Ilikuwa kazi ya kuwaokoa maskini, na maskini wenyewe waliipokea kwa shukrani. Hata hivyo pamoja na dawa ilipita damu, na pamoja na damu vilipita virusi vya homa ya ini ya aina ya C, ambavyo havikugunduliwa wala kupewa jina hadi mwaka 1989. Virusi hivyo havina haraka. Huweza kumkaa mtu miaka ishirini au thelathini bila ya kumtia maumivu, kisha ini likakakamaa, na pengine likapata saratani. Kwa hiyo vidonge vilipochukua mahali pa sindano katika miaka ya 1980, na watu wakashukuru kwamba kichocho kinatibika bila ya kudungwa, maafa mapya yalikuwa yamekwisha pandwa. Uchunguzi wa mwaka 2008 ulionesha kuwa kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 59, karibu 15 walikuwa na alama katika damu yao kwamba waliwahi kuambukizwa. Hapakuwa na nchi nyingine iliyojulikana kuwa na kiasi kikubwa kama hicho.

Utetezi wa kwanza unaokuja mdomoni ni kwamba hawakujua. Utetezi huo una haki ya kusikilizwa, kwa maana hakuna sheria ya haki inayomwadhibu mtu kwa kutoona kitu ambacho macho ya zama zake hayakuweza kukiona. Lakini yafaa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kutojua jina la hatari ni jambo moja. Kutojua kuwa iko hatari ni jambo jingine. Mwaka 1885 iliandikwa habari ya wafanyakazi wa kiwanda cha meli katika Bremen, nchini Ujerumani, ambao walichanjwa ndui kwa maji yaliyotolewa katika vidonda vya watu wengine. Kati ya watu 1,289 waliochanjwa, 191 walipata homa ya manjano ya macho, na wenzao ambao hawakuchanjwa kwa maji hayo walisalimika. Mwaka 1942 askari wa Marekani wapatao 50,000 waliingia hospitali kwa ugonjwa kama huo baada ya kuchomwa chanjo iliyochanganywa na maji ya damu ya wanadamu. Basi kabla ya sindano ya kwanza ya kazi ile kubwa ya Misri kupigwa, wataalamu walikuwa wamekwisha ona kwamba kitu fulani katika damu huugua ini, na kwamba kitu hicho husafiri kwa ncha ya sindano. Kilichokosekana kilikuwa jina tu. Mtu aliyeambiwa mara mbili kwamba kichaka fulani kina nyoka hawezi kuwapitisha watoto wa watu humo, kisha akajitetea kuwa hakujua kama nyoka mwenyewe ni swila au kifutu.

Jambo la namna hiyo lilitokea pia katika Kongo, na huko matokeo yake hayakungoja miaka ishirini. Katika Yambuku, kaskazini mwa nchi ambayo wakati huo iliitwa Zaire, palikuwa na hospitali ya misheni iliyoendeshwa na masista kutoka Ubelgiji. Watu walifika huko kutoka vijiji vingi, kwa kuwa dawa zilipatikana. Mwaka 1976 wachunguzi waliokwenda kutazama chanzo cha msiba walikuta kwamba kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano ya sindano kwa kazi ya siku nzima: kwa wagonjwa wa nje, kwa waliolazwa, na kwa wanawake wajawazito. Kati ya mgonjwa na mgonjwa bomba lilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, na mara nyingine lilichemshwa jioni kazi ilipokwisha. Ulipoingia ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola kwa jina la mto ulio katika sehemu hizo, mabomba hayo matano yalikuwa miongoni mwa njia zake kubwa, na njia nyingine ilikuwa mikono ya waliowauguza na kuwazika wapenzi wao. Watu 318 walihesabiwa kuugua, na 280 kati yao walikufa. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na masista wenyewe walikuwamo. Hospitali ilipofungwa kwa kukosa wa kuiendesha, msiba ulianza kutulia.

Ni vigumu kusoma habari hiyo bila ya moyo kushtuka. Waliotoa sindano walikuwa watu waliokwisha toa maisha yao kwa ajili ya wengine, na baadhi yao waliyatoa mara ya pili kwa kufa pamoja na wagonjwa wao. Anayewaita wabaya hujidhulumu mwenyewe kwa kusema uongo. Lakini anayesema kuwa wema wao unafuta jambo lililotendeka huwadhulumu wale waliokwenda kutafuta uzima wakarudi na mauti. Hukumu ya kweli lazima ibebe yote mawili kwa pamoja: kwamba watu hao walikuwa wema, na kwamba wema wao haukukamilika. Tendo jema lina sehemu mbili, moyo unaolikusudia na mkono unaolitimiza. Moyo ukiwa safi na mkono ukiwa mchafu, tendo ni nusu. Na katika mambo ya damu nusu ya wema huweza kuwa msiba mzima.

Fauka ya hayo, iko sehemu ya lawama isiyowaangukia watoaji peke yao. Watu wengi wameipenda sindano kuliko inavyostahili. Mgonjwa aliyepewa vidonge akaambiwa apumzike hurudi nyumbani akinung'unika kwamba hakutibiwa. Aliyedungwa huondoka ameridhika, hata kama alichodungwa hakikuwa na faida kwa ugonjwa wake. Tabibu naye, akiogopa kuonekana si kitu, humridhisha. Kwa mapatano hayo ya kimya ngozi hutobolewa bila ya haja. Kinga ya kwanza ya maradhi ya damu, kabla ya maji ya moto na kabla ya glavu, ni kujizuia. Sindano isiyokuwa na haja haina haki ya kupigwa, wala damu isiyokuwa na haja haina haki ya kuongezwa. Tabibu ambaye hawezi kumwambia mgonjwa wake hapana amempendeza tu. Kumtumikia ni kazi nyingine.

Sasa lije swali la pili, lile la heshima. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoanza kuandikwa mwaka 1981, watu wa nchi nyingi walifanya kile ambacho hofu huwafundisha wanadamu daima: walitafuta watu wa kuwaogopa. Huyu aliogopwa kwa sababu ya nchi yake, yule kwa sababu ya mwenendo wake, mwingine kwa sababu ya wembamba wa mwili wake. Katika hospitali vile vile lilikuwako shauri la kuwatambua wagonjwa wa hatari, ili glavu zivaliwe mbele yao, na wengine wahudumiwe kwa mikono mitupu. Shauri hilo lilionekana kuwa la busara, kwani halikupoteza mali wala wakati. Lakini lilikuwa na makosa mawili, moja la elimu na moja la maadili. Kosa la elimu ni kwamba aliyeambukizwa hajulikani kwa kumtazama, na hata kipimo huweza kumpita aliyeambukizwa hivi karibuni. Kosa la maadili ni kwamba glavu iliyovaliwa mbele ya mtu mmoja tu imekwisha mtangaza mtu huyo kwa wenzake, na siri aliyomwamini nayo tabibu imetoka nje bila ya neno kusemwa.

Mwaka 1987 kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti maradhi, kilichoko Atlanta, kilitoa mwongozo wa namna nyingine. Damu ya kila mgonjwa ihesabiwe kuwa yaweza kuambukiza, awe nani na atoke wapi. Mwongozo huo ulienea, na leo umekuwa kanuni ya hospitali ulimwenguni. Kwa kuusikia mara ya kwanza mtu aweza kudhani kwamba ni ukali uliopita kiasi, kwani unawatuhumu watu wote. Lakini tuhuma ikienea kwa wote hukoma kuwa tuhuma. Kinachohofiwa ni damu, na mwenye damu hubaki na heshima yake.

Wenyeji wa pwani wana desturi inayoliweka jambo hili wazi kuliko maelezo mengi. Chakula kinapokuwa tayari na watu wamekwisha kaa mkekani, birika na bakuli hupitishwa ili wote wanawe. Mzee hunawa, kijana hunawa. Tajiri hunawa, na mtumishi hunawa. Aliyetoka shambani hunawa, na aliyetoka kuoga sasa hivi hunawa vile vile. Hapana anayeuliza mikono ya nani ni michafu, na hapana anayenawa huku akihisi kuwa ametukanwa, maana sinia ni moja na vidole vyote vitaingia humo. Lakini lau mwenye nyumba angelipeleka bakuli kwa mgeni mmoja peke yake akawapita wengine, mgeni huyo angelisimama akaondoka, na wenye haki wangelimwambia kuwa alifanya vyema. Maji ni yale yale na bakuli ni lile lile. Kilichogeuza heshima kuwa tusi ni kuchagua.

Tahadhari kwa wote ndiyo bakuli hilo. Mwuguzi anayevaa glavu kwa kila mshono, kwa kila uzazi na kwa kila tone la damu hamwambii mgonjwa kuwa anamshuku. Humwambia kuwa hana haja ya kujua habari zake ili amhudumie kwa usalama. Na kwa kuwa hamlazimishi mtu kuungama, humwondolea sababu ya kujificha. Methali yasema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini watu huficha maradhi kwa sababu wamewaona waliofichua wakitengwa. Kanuni ambayo haingoji ufichuo humlinda hata aliyenyamaza, na humlinda jirani yake pia. Haimwondolei, hata hivyo, mwenye kujua hali yake wajibu wake mwenyewe: asitoe damu ya kuongezewa mwingine, asiazimane wembe wala sindano, na mwenzi wake asimweke gizani. Kanuni ya wote haikuwekwa ili dhamiri ya mtu mmoja ipate kulala.

Pale ambapo tahadhari ya wote haipo, msiba unapotokea watu hutafuta mtu wa kuubebesha. Katika Benghazi, nchini Libya, ilijulikana mwaka 1998 kuwa watoto zaidi ya 400 waliotibiwa katika hospitali moja walikuwa na virusi vya UKIMWI. Uchungu wa wazazi hao haupimiki. Wauguzi watano kutoka Bulgaria na tabibu mmoja Mpalestina walikamatwa, wakashitakiwa kuwa waliwaambukiza watoto kwa makusudi, wakahukumiwa kufa mwaka 2004 na tena mwaka 2006. Wataalamu wa virusi waliochunguza jambo hilo walieleza kwamba maambukizi yalianza kabla ya wageni hao kufika kazini, na kwamba chanzo chake kilikuwa uchafu wa vyombo. Waliokamatwa waliachiliwa mwezi wa Julai mwaka 2007, baada ya kifungo cha miaka minane. Katika habari hiyo nia ilihukumiwa mahali pa mkono. Adui mwenye uso huonekana na huweza kufungwa. Desturi mbaya haina shingo ya kutiwa kamba. Kwa hiyo watu humpendelea adui, na desturi huachwa ilivyo.

Yupo atakayesema kuwa maneno haya ni mazuri kwa nchi zenye mali. Katika zahanati yenye jozi chache za glavu na mama watatu wenye uchungu wa kuzaa, mkunga afanye nini? Pingamizi hili ni zito na halijibiwi kwa mahubiri. Mkunga huyo akipokea mtoto kwa mikono mitupu, hatari imo juu yake mwenyewe: atakayechomwa na sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini ya aina ya B, naye hana chanjo, huweza kuambukizwa katika hesabu inayofika mara 30 kwa kila 100, kwa homa ya aina ya C ni kama mara 2 au 3 kwa 100, kwa virusi vya UKIMWI ni kama mara 3 kwa 1,000. Anayejitia katika hatari hiyo ili mama asife peke yake ni shujaa. Lakini taifa linalotegemea ushujaa kwa jambo ambalo lingefanywa kwa glavu linakula fedha ya mtu ambaye halikumlipa. Hatia, ikiwapo, hupanda ngazi. Kadiri mtu alivyo karibu na mfuko wa mali na mbali na kitanda cha mgonjwa, ndivyo sehemu yake inavyokuwa kubwa. Mhudumu wa kijiji cha Misri aliyepewa kisanduku kimoja cha mabomba na mstari wa watu tangu alfajiri hakuwa na uchaguzi mpana. Waliopanga kisanduku kiwe kimoja walikuwa nao.

Katika jambo hili werevu wa wanadamu umesaidia maadili kwa njia isiyotazamiwa. Lilitengenezwa bomba la sindano ambalo hujifunga likitumiwa mara moja, na haliwezi kuvuta dawa tena hata mtu akitaka. Mwaka 1999 Shirika la Afya Ulimwenguni na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalihimiza kwamba chanjo zote zipigwe kwa mabomba ya namna hiyo. Kwa makadirio ya wataalamu, mwaka 2000 karibu sindano 40 katika kila 100 zilizopigwa katika nchi maskini zilikwisha tumika bila ya kutakaswa. Mwaka 2010 zilikuwa zimepungua zikawa 5 au 6. Mwanafalsafa aweza kuuliza kama kuna wema wowote katika kutenda haki kwa sababu chombo kimekataa dhuluma. Jibu ni kwamba wema upo, lakini umehama mahali. Umo kwa yule aliyefikiri juu ya uchovu wa mhudumu wa saa tisa alasiri, akatengeneza chombo ambacho hakichoki. Kufunga mlango kabla ya kishawishi hakujafika ni busara inayowajua wanadamu jinsi walivyo.

Walakini chombo hakifiki kila mahali. Kinyozi ana wembe wake, ngariba ana kisu chake, mkunga wa kijijini ana uzi na mkasi wa kukatia kitovu, na mganga ana wembe wa kuchanja chale. Huko hakuna mwongozo uliobandikwa ukutani. Huko desturi ndiyo sheria, na desturi haiondolewi kwa dharau. Anayekwenda kumwambia ngariba kuwa jando lake ni ushenzi atafukuzwa, na kisu kitabaki kile kile. Lakini ngariba akiulizwa kwa heshima jando linakusudia nini, atajibu kuwa linakusudia kumtoa mtoto utotoni akiwa mzima na mwenye adabu. Kusudi hilo halikuandikwa juu ya kisu kimoja. Wembe mpya kwa kila mtoto hauvunji mila yoyote. Huilinda, kwa kuwa mila inayowaua wanawe haitakuwa na wa kuirithi. Hata udugu wa kuchanjiana ulikuwa na kiini chake katika ahadi, na ahadi yaweza kutimizwa bila ya damu kumwagika. Leo mtu anayejitolea damu yake ili ipimwe na kuhifadhiwa kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua amefanya udugu mpana kuliko ule wa zamani, maana hakuchagua ndugu yake.

Pengine neno la mwisho juu ya jambo hili lapasa kurudi Misri, ambako jeraha lilikuwa kubwa. Tangu mwaka 2014 nchi hiyo ilianza kutumia vidonge vipya vinavyomponya karibu kila mwenye homa ya ini ya aina ya C katika muda wa miezi michache, baada ya kupatana bei iliyokuwa ndogo mno kuliko ile ya Marekani. Kisha, kuanzia mwezi wa Oktoba mwaka 2018 hadi mwezi wa Aprili mwaka 2019, watu wazima wote waliitwa kupimwa, na karibu milioni 50 waliitika. Waliokutwa na ugonjwa walitibiwa bila ya malipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitambua kwamba Misri imepiga hatua kubwa katika njia ya kuukomesha ugonjwa huo, ikiitangulia kila nchi nyingine.

Haifai kusema kwamba malipo hayo yamefuta deni. Waliokufa kwa ini lililokakamaa hawakuwako kupokea vidonge. Lakini namna deni lilivyolipwa ina mafundisho. Mwito ulikuwa wa kila mtu mzima: mkulima aliyedungwa katika ujana wake, na mwana wa mji ambaye hakuwahi kukanyaga mfereji. Bakuli lilipitishwa kwa wote, na kwa hiyo hapana aliyeona haya kunawa. Tone la damu lilitolewa kidoleni kwa kichomeo kipya, nacho kikatupwa. Mkono wa serikali ile ile ambayo zamani ilichoma kwa huruma bila ya usafi ulirudi ukachoma kwa huruma pamoja na usafi, na tofauti ya mara hizo mbili ndiyo jibu la maswali yaliyoulizwa mwanzoni. Mwema aliyedhuru kwa mkono mchafu hana hatia ya mwuaji, bali ana deni. Na anayejihadhari na damu ya watu wote sawasawa hamvunjii heshima yeyote miongoni mwao.

Nia njema na iendelee kuitwa tabibu, kama wahenga walivyoiita. Lakini tabibu naye hunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, na hunawa tena kabla ya kumgusa wa pili.